Paswedi ya Mkamwana wa Mwankoko

Siku mliyoniaga mlinipa godoro, kanga mbili na kuku aliye hai, halafu mmoja wenu akasimama na kuniita Bibi Paswedi mbele ya mkuu wa chuo. Nilicheka pamoja nanyi kwa sababu jina hilo nalijua siku nyingi. Mlikuwa mkilisema korido nzima mkidhani masikio yangu yamestaafu kabla yangu. Kisha mkaniomba niwaandikie jinsi kazi hii ya dawati la kompyuta ilivyokuwa kabla hamjaja. Haya, naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa kuwa vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua wenyewe. Nitasema nilivyoanza, walionifunza, na kesi moja ambayo mpaka leo sijaisahau.

Nilianza na swichibodi ya simu, Manyoni. Kwa msioijua: ni ubao mrefu wenye matundu, kila tundu simu ya ofisi au ya mtu mwenye nafasi, na mbele yako waya zenye ncha za shaba. Mtu akipiga, kibati kidogo kinadondoka kwenye tundu lake. Unachomeka waya, unauliza, "Namba tafadhali," unachomeka waya wa pili kwa anayetafutwa, kisha unazungusha mkono wa kengele. Siku yangu ya kwanza nilimuunganisha bwana wa stesheni na mke wa mchinjaji. Waliongea vizuri tu kwa muda, habari za nyumbani, habari za mvua, kabla mmoja hajauliza mwenzake ni nani.

Aliyenifunza alikuwa Bi Tatu, mama mfupi wa Itigi aliyesuka ukili akiwa zamu na hakuwahi kukosea tundu. Opereta alisikia kila kitu: nani kafiwa, nani kaachwa, nani kamdanganya bosi wake. Bi Tatu aliniambia siku ileile, bila kuinua macho kwenye ukili wake, "Ukiwa humu ndani una masikio. Ukivuka kizingiti huna. Ukikutana sokoni na mtu uliyemsikia analia kwenye simu, msalimie habari za asubuhi. Pole utampa siku atakayokuambia yeye." Nilijaribu kumbishia kwamba huo ni ukatili. Alinijibu kwamba ukatili ni mtu kugundua msiba wake umefika sokoni kabla yake. Sikuwahi kumbishia tena, na chochote mlichoniona nikikifanya dawatini pale chuoni mzizi wake ni huo.

Baadaye soko huria likaingia. Tulilisikia kwanza redioni, halafu tukaliona madukani, halafu likafika kazini kwetu kwa sura ya mitambo mipya isiyohitaji mtu wa kuchomeka waya. Tukapunguzwa. Bi Tatu akarudi Itigi kufungua mgahawa, na waliokula pale wanasema wali ulikuwa mzuri ila umbea haukuwepo kabisa. Mimi nikamfuata mume wangu Singida mjini. Huko mfanyabiashara mmoja alikuwa amefungua intaneti kafe jirani na stendi, ya kwanza ambayo wengi wetu tuliiona kwa macho. Aliniajiri kwa sababu nilijua kuchapa, na kwa sababu alikuwa akiuliza mjini kama kuna mtu anayeweza kunyamaza.

Chumba kilikuwa na kompyuta sita, kila moja na shuka lake la kanga kuukuu, maana upepo wa Singida ukivuma vumbi linaingia hata kwenye meno. Umeme ulikatika ulipotaka. Mtandao ulikuwa mwendo wa kobe: ungeweza kufungua ukurasa wa barua, ukaenda kununua karanga, ukarudi ukakuta bado unajifikiria. Binti mmoja kutoka Dodoma, Zuhura, alikaa nami wiki ya kwanza kunifundisha. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi na alinisahihisha kwa adabu, akianza kila mara na "Samahani dada Anjela." Ndiye aliyeniambia kwamba mashine haimjui mtu kwa sura wala kwa ukoo, inamjua kwa neno moja tu, na atakayelitoa neno hilo ndiye mwenye akaunti, awe nani.

Jambo hilo liliwapa watu wetu taabu kulielewa, na siwalaumu. Walikuja na kuketi kwenye benchi, zamu yao ikifika wanapaza sauti toka mlangoni: "Dada, nifungulie barua, paswedi yangu Rehema." Watu wote wamesikia. Nikiwaambia waninong'oneze, wananong'oneza kwa sauti ileile ila wakiinama. Halafu ni jina gani walichagua? Kwetu mwanamke akishazaa jina lake linawekwa kabatini, anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Baba naye vivyo hivyo. Basi karibu kila mzazi aliweka jina la mtoto huyo. Ukikaa sokoni asubuhi moja ukasikiliza watu wakisalimiana, Shikamoo Mama Rehema, Habari Baba Juma, umeshapata funguo za nusu ya mji. Waliobaki waliweka timu zao za mpira, na hao nao walikuwa wamevaa jezi.

Kulikuwa na kuacha akaunti wazi pia. Mwalimu mmoja wa Kinyangiri aliondoka mbio kuwahi basi, barua kwa mchumba wake ikiwa nusu kwenye kioo. Aliyekaa baada yake alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu, mtu mwema sana. Alipoona barua haijaisha aliona huruma, akaimalizia kwa salamu na maneno ya upendo, akaituma. Mchumba alijibu kwamba hajawahi kuandikiwa barua nzuri kama ile. Mwalimu alikuja kunilalamikia, lakini naona alioa upesi. Nilibandika ukutani karatasi ya kuwakumbusha watu wafunge akaunti kabla ya kuinuka, wakaisoma, wakasifu mwandiko wangu.

Sasa niwaeleze kesi yenyewe. Nimemwomba ruhusa mwenyewe, Mama Neema, akasema, "Andika, ila jina liache." Kwa hiyo jina ambalo kesi hii inalizunguka hamtalipata.

Mama Neema alikuwa ameolewa Mwankoko na aliishi kwa baba mkwe wake pamoja na mtoto. Mumewe alikuwa ameondoka na malori ya mizigo yaendayo nchi za kusini. Aliondoka kwa ugomvi. Mzee alitaka abaki na mifugo na mashamba, yeye akataka barabara, na siku ya kuondoka mzee alimwambia mbele ya watu, "Usirudi mpaka nikuite." Tangu hapo pale nyumbani hakutajwa. Lakini kwa siri alitaka kumwandikia mkewe kwa baruapepe, na kwa ajili hiyo Mama Neema akaja kafe kwangu akiwa na kikapu cha mayai, akasema anataka sanduku la barua la kwenye kompyuta.

Nilimfungulia. Tulipofika kwenye paswedi nikamwambia asiweke Neema, aweke neno analoweza kulitunza. Alifikiri kidogo, akauliza, "Nikiliandika hapa, litaonekana?"

"Halionekani. Kila herufi inageuka nyota."

"Na sauti haitoki?"

"Haitoki, dada."

Alivuta kanga mdomoni akacheka kidogo, kisha akasema, "Basi ninalo." Nikageuka, kama nilivyogeuka kwa kila mtu, nikaangalia ukuta. Alipiga herufi taratibu kwa kidole kimoja. "Hilo," aliniambia, "halitatoka mdomoni mwangu hata nikichapwa." Nilifurahi mno. Kati ya wateja wote wa kafe ile nilimhesabu yeye kuwa mtunza siri namba moja, na akawa anakuja kila alipopata nafasi, anafunika kichwa, anapiga nyota zake, anasoma barua za mumewe, anafunga, anaenda zake.

Msimu mmoja wa kuvuna alizeti alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akavunjika paja. Akalazwa hospitali ya misheni, nje ya mji, mguu umening'inizwa kwa kamba na mfuko wa mchanga, akaambiwa asijaribu kushuka kitandani mpaka mfupa ushike. Akiwa amelala hivyo, Jumanne moja simu ya kafe ikalia. Alikuwa mumewe, anapiga simu ya kulipia toka mpakani, mbali huko. Alikuwa anasema haraka kama mtu anayefukuzwa. "Mwambie mke wangu asome barua yangu. Msafara unaondoka Ijumaa asubuhi. Nitaangalia jibu Alhamisi mchana, siku nyingine sina." Simu ikakatika. Hakuacha namba, na wakati ule simu za mkononi zilikuwa za wachache.

Jumatano asubuhi nikapanda gari la misheni nikaenda wodini. Nilimweleza. Uso ulimbadilika, akajaribu kuinuka, mguu ukamkumbusha. Akasema, "Dada Anjela, nifungulie wewe. Iprint uniletee."

"Nipe paswedi."

Akaanza kukunja pindo la shuka.

"Huniamini?"

"Nakuamini. Mdomo ndio hauwezi." Akaangalia dirishani. "Ni jina ambalo mimi silitaji."

Mimi pia nimeolewa, nikaelewa pale pale. Kwa wale wenu mliozaliwa mjini: katika ukoo alikoolewa Mama Neema, bibi harusi akiingia nyumbani, shangazi wa mume humnong'oneza sikioni jina la baba mkwe, lile alilopewa alipozaliwa, mara moja tu, ili ajue kitu cha kukwepa maisha yake yote. Kuanzia hapo halitamki. Haliandiki. Hata mtoto akipewa jina hilo la babu yake, mama humwita Baba. Ni heshima, na heshima hiyo ina meno. Anayeivunja anatafutiwa wazee na mbuzi wa kusafisha kosa.

"Lakini nyota, dada," alisema, akiwa sasa anajitetea. "Nyota zinamfunika. Mdomo haujamtaja, jicho halijamwona, hata langu mwenyewe. Nilifikiri ningeweka lipi? Uliniambia niweke neno la kutunza. Mimi neno nililozoea kulitunza ni hilo."

Nikamuuliza kama naweza kwenda na majina ambayo watu wote wanamwita mzee, nijaribu. Akakubali, kwa kuwa hata kusema silo lipi kungekuwa kulitaja. Nikamuuliza, na yakikataa? Alifumba macho. "Basi nenda kwake. Mwambie wewe, mimi nisiwepo. Na akiuliza ni barua za nani, mwambie. Nimechoka kumficha."

Nilirudi kafe nikajaribu jina la ubatizo, ambalo Mwankoko nzima wanalijua. Likakataliwa. Nikajaribu lile wazee wa rika lake wanalompigia kelele toka ng'ambo ya barabara. Likakataliwa pia, na mashine ikanionya kwamba nikiendelea kukosea itaifunga akaunti. Nikatoa mikono kwenye kibodi. Shangazi aliyenong'oneza alikuwa ameshafariki, na kumuuliza mtu mwingine yeyote wa ukoo ule kungekuwa kuutangaza ufunguo wa mteja wangu. Akabaki mwenye jina.

Nilimkuta uani akikaza nati za plau. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye sauti ambayo hata mbwa aliitii. Nilipiga goti kidogo, nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," alisema, asiache kazi. Nilimweleza habari ya barua na paswedi, kama nilivyotumwa.

"Aliandika jina langu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Kwa kidole."

"Kwa kidole. Mdomo haukuhusika."

"Na watu mle ndani wanaliona?"

"Hawalioni. Kila herufi inageuka nyota."

"Yeye je?"

"Naye halioni, baba."

Aliweka spana chini. Alifikiri kama mtu aliyeitwa kuamua shauri la mpaka wa shamba. "Basi hakukosea," akasema, na mimi nikapumua. Kisha akauliza kile nilichokuwa nakiogopa. "Hizo barua ni za nani?"

"Za mwanao."

Mkono wake ulibaki juu ya plau. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo, "Anaandika?"

"Anaandika, baba. Siku zote."

Aliingia ndani, akatoka amevaa koti na kofia, akaniambia twende. Tulitembea mpaka mjini, yeye mbele, mimi nyuma nikikimbia kidogo ili nisiachwe. Kafe nilimkalisha kwenye kompyuta ya kona. Nikamwomba anitajie nipige mimi, kwa haraka. Akanikatalia. "Wewe nawe ni mkamwana wa mtu. Nionyeshe herufi zilipo." Alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima enzi zile, herufi alizijua, ila hakuwahi kuzikuta zimetawanyika namna ile. Nikageuka kuangalia ukuta wangu. Nilisikia kidole kikitafuta, kikipata, kikibonyeza, kikitafuta tena. Alipomaliza alisema, "Kweli ni nyota," na ukurasa ukafunguka.

Barua zilikuwa zimepangwa kutoka juu hadi chini, na kwenye kila mstari jina la mwanawe. Mzee aliziangalia zote. Nikaifungua ile ya juu kabisa, na hapo akainuka, akageuza mgongo, akauangalia ukuta uleule ninaouangalia mimi. "Ya mke haisomwi na mkwe," alisema. Nikaiprint bila kuisoma, nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha na kuibandika gundi, nikafunga akaunti. Nimefanya kazi na watu wenye digrii za mambo ya usalama wa kompyuta, na bado sijaona aliyenifundisha kitu zaidi ya mgongo ule.

Tuliwahi gari la misheni la mchana. Mzee hakuingia wodini, haikuwezekana baba mkwe kuingia alipolala mkamwana. Aliketi kwenye benchi la veranda, chini ya dirisha, uso wake ukielekea uwanjani. Mama Neema alisoma barua polepole, kisha akailaza kifuani. Alinieleza yaliyomo. Mumewe alikuwa amepewa mkataba mpya wa kwenda kusini zaidi, miaka ya kutosha mtoto kumsahau. Alikuwa amechoka. Alitaka kurudi, lakini hakutaka kurudi kwenye nyumba ambayo hakuitwa. Baba akisema njoo, atapanda gari la kuja nyumbani. Asiposema, Ijumaa anaondoka na msafara. Alimwomba mkewe amuulize baba.

"Nitamuulizaje?" alisema, machozi yakiingia masikioni kwa vile amelala chali. "Mimi na baba hatuzungumzi mambo kama haya. Sijawahi hata kumwangalia usoni."

Nikamwambia baba yuko nje ya dirisha.

Alishtuka, akavuta kanga akafunika kichwa, akiwa kitandani vile vile na mguu hewani. Kisha akapaza sauti kidogo, akiwa ananiangalia mimi. "Dada Anjela, mwambie baba kwamba mwanawe anauliza kama ameitwa."

Nilifungua mdomo niupeleke ujumbe, hatua chache tu mpaka dirishani. Sauti ikanitangulia toka nje.

"Nimesikia."

Nilimsikia mzee akikohoa.

"Mwambie mkamwana wangu," alisema, "huyo ameitwa siku nyingi. Ni mimi tu sauti yangu ilikuwa haifiki. Mwambie alale, mguu upone. Na mwambie kwamba ameilinda nyumba yangu na jina langu."

Mama Neema alilia kwa sauti, nami nililia, na nesi akaja kutuuliza kama mgonjwa ana maumivu.

Alhamisi asubuhi mzee alikuwa mlangoni kafe kabla sijafagia. Alipiga jina lake, sasa kwa haraka zaidi, nikakaa mahali pake ili aniambie la kuandika. "Andika: Njoo. Halafu uandike: Baba." Nilisubiri. Nikamuuliza kama niongeze salamu. Alisema salamu atazikuta nyumbani. Nikatuma.

Kabla sijafika kwenye jibu, niseme la kazi, maana nikifika huko sitataka kurudi nyuma. Mama Neema alipotoka hospitali akitembea na magongo, nilimwita abadilishe paswedi. Mzee, aliyekuwa amemsindikiza na kuketi nje kama kawaida, alipopata habari alikasirika. "Kwani jina langu lina kasoro gani?" Nikatoka kumweleza. Nilimwambia halina kasoro, ila analijua yeye, wanajua ndugu zake, wanajua watu waliokuwepo alipozaliwa, na yeyote kati yao akitaka anaweza kukaa kwenye mashine akasoma barua za mkamwana wake. Neno la siri si lile ambalo wewe umekatazwa kulitaja. Ni lile ambalo wengine hawawezi kulitaja hata wakitaka. Alilizungusha hilo kichwani, akasema, "Basi achague kitu ambacho hata mimi sikijui."

Nikamfundisha Mama Neema namna ninayowafundisha nyinyi mpaka mkachoka. Chukua kitu ulichokiona ukiwa peke yako na hukumsimulia mtu, kiwe cha kijinga kidogo ili usikisahau, kama mbuzi aliyepanda juu ya paa la zahanati. Kiandike kwa maneno kadhaa yasiyozoea kukaa pamoja, kirefu, na katikati utie namba isiyo mwaka wako wa kuzaliwa. Kila akaunti iwe na chake. Mwizi akipata ufunguo wa jikoni asiingie na chumbani. Usikitaje kwa mume, kwa mchungaji, wala kwa Bibi Paswedi. Ukiulizwa swali la siri kuhusu jina la mama yako, usijibu kweli, kwa sababu jina la mama yako linatajwa kwenye kila msiba. Mama Neema alifikiri, akacheka peke yake, akapiga herufi nyingi sana. Niligeuka. Mpaka leo sijui alimwona nani juu ya paa gani.

Kafe ilifungwa watu walipoanza kupata intaneti mkononi, nikahamia chuoni kwetu. Mlinikuta na kamba ya miwani na maneno makali kwa kila aliyebandika paswedi kwenye ukingo wa kompyuta. Mlidhani ni ukorofi wa uzee. Nawapenda, hilo niliseme wazi kwa vile sikuwahi kulisema dawatini, na kila nilipowafokea nilikuwa naogopa mtu angekuja siku moja akaandika kwa jina lako, na mtu wako wa mbali akamwamini. Wakati ule neno moja lilitosha kumrudisha mtu au kumpoteza. Sasa pia linatosha.

Ijumaa ile mzee alikuja tena. Kafe ilikuwa imejaa, vijana waliomaliza shule wanatafuta vyuo, wachuuzi, sista mmoja. Nilimpisha kwenye kona. Alipiga jina lake, nikageuka, nikageuka tena. Kulikuwa na barua moja mpya. Nikaifungua, na mzee akaanza kuinuka kama siku ya kwanza.

"Kaa, baba," nikamwambia. "Hii ni yako."

"Si ya mkewe?"

"Imeandikwa Kwa Baba."

Alikaa. Alivua kofia akaiweka magotini. Akauliza kama inaruhusiwa kugusa kioo, nikamwambia inaruhusiwa, akaweka kidole chini ya neno la kwanza akaanza kusoma, midomo ikitembea, neno baada ya neno. Ilikuwa mistari mitatu. Foleni ilikuwa ndefu na hakuna aliyemharakisha. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena. Baba, nimeona neno lako. Nimewaaga wenzangu wa kusini. Natoka kesho.

"Aliandika lini?" akauliza.

Nikaangalia. "Jana jioni, baba."

Aliwaza kidogo. "Basi kesho yake ni leo."

"Ndiyo, baba. Ni leo."

Aliinuka, akavaa kofia, akaiweka sawa. Alisimama pale katikati ya chumba mbele ya watu asiowajua hata mmoja, na kwa ile sauti yake ya kuamuru mbwa akawaambia, "Mwanangu yuko njiani."

Wakaacha mashine zao, vijana, wachuuzi, hata sista, wakamjibu karibu wote kwa pamoja, "Afike salama, mzee."